Tairi pana kwenye rimu za kiwandani: miezi 14 na 225/60R16 kwenye Forester

Nilienda dukani kununua saizi ileile iliyoisha, nikarudi nyumbani na saizi nyingine. Aliyewahi kusimama mbele ya kijana anayejua kuuza atanielewa.

Gari ni Subaru Forester ya 2005, toleo la SG5, injini ya lita 2 isiyo na turbo, gia otomatiki. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo kwa jumla. Nazungusha mzigo kutoka Arusha mjini: siku moja Tengeru na Usa River, siku nyingine Makuyuni, Mto wa Mbu hadi Karatu, na katikati hapo kuna maduka ya vijiji vya ndani ya Monduli ambako lami wanaisikia redioni. Buti huwa limejaa, kiti cha nyuma kimelazwa. Mwaka uliotangulia nilipasua tairi mbili ubavuni, zote kwa mawe, zote zikiwa bado na kashata nzuri, yaani yale meno yanayokanyaga barabara. Pancha inazibika. Ubavu ukipasuka, tairi umetupa.

Kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 215/60R16: 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na 60 nitaieleza mbele. Rimu ni zilezile zilizotoka nalo Japani, na ukizigeuza utaona nyuma ya spoku moja zimepigwa chapa 16x6 1/2JJ, yaani upana wake ni inchi sita na nusu. Dukani hakuna aliyeniuliza namba hiyo, na ndiyo namba ya kwanza anayopaswa kuuliza mtu anayekuuzia tairi pana bila kukuuzia rimu.

"Mama, gari zito hili unalivalisha 215? Weka 225 likae kibabe. Linashika barabara, halafu linanyanyuka."

Kukaa kibabe sikuhitaji, nina miaka 46. Neno "linanyanyuka" ndilo lililoniuza, kwa sababu mawe ya Monduli nayajua kwa sauti zake chini ya gari. Bei ya 215 ilikuwa shilingi 190,000 kwa tairi moja, 225 ni 210,000, zote za Kichina. Za Kijapani zilikaribia mara mbili ya hapo, nikazitazama tu nikapita. Siku hiyo nilikuwa na hela ya tairi mbili. Kijana akasema haina shida: "Funga mbili za mbele, ndizo zinazoongoza. Za nyuma zinakula mwezi mwingine." Duka silitaji jina, lakini kwa ushauri huo peke yake nalinyima nyota mbili.

Siku ya tatu nilikuwa naingia kupaki Karatu, usukani nimeukata wote, gari likajizuia. Ilikuwa kama mtu amevuta breki ya mkono nusu. Nikiongeza mafuta linaruka kidogo, tairi zinalia kwenye zege, watu wanageuka kutazama. Nikadhani breki zimeganda kwa vumbi. Nikaendelea na kazi zangu, nikarudi Arusha, nikazunguka nalo siku nyingine nne, na kila kona kali ni habari ileile. Mwisho nikampelekea fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited. Hakufungua hata boneti. Alitazama tairi ya mbele, akatazama ya nyuma, akaniuliza, "Dada, nani amekushauri hivi?"

Subaru hii inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na kitabu chake kinataka tairi zote nne ziwe za saizi moja, aina moja na ziwe zimechakaa sawa. Mimi mbele nilikuwa na 225/60 mpya, kimo chake milimita 676. Nyuma nilikuwa na 215/60, ambayo ikiwa mpya ni 664, lakini zangu zilikuwa zimeshapoteza milimita 5 za kashata, kwa hiyo 654. Binti yangu wa kidato cha tatu alinipigia hesabu nyuma ya karatasi ya oda: za nyuma zilikuwa zinazunguka mara 16 zaidi ya za mbele katika kila kilomita. Karatu kwenda na kurudi ni karibu kilomita 280, zidisha mwenyewe. Mizunguko yote hiyo inaliwa na klachi zilizo nyuma ya gia boksi, na ukikata kona kali ndipo zinapogoma waziwazi. Gia boksi ya gari hili hainunuliki kwa faida ya mbegu za mahindi.

"Ama uweke zote nne, ama zile mbili uzirudishe," fundi akasema. Kurudisha tairi iliyokwisha kufungwa ni ndoto. Nikaenda kununua mbili nyingine, wiki moja tu imepita, kijana ni yuleyule, bei ni 225,000. "Mzigo mpya, mama." Nilipofika nyumbani nikatazama zile namba nne za mwisho kwenye kimstari cha DOT ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zile za mwanzo zilikuwa 3122. "Mzigo mpya" ulikuwa 0922. Umeniuzia kaka mtu kwa jina la mdogo wake, tena kwa bei ya juu. Ndiyo maana siku hizi nasoma namba kabla ya kutoa pochi. Jumla tairi nne zikanigharimu 870,000, ukiacha kufunga na kubalansi.

Sasa hilo la kunyanyuka. Wengi tunasoma 215 na 225 tukaishia hapo. Namba ya katikati, hiyo 60, si milimita. Ni asilimia ya upana. Kwa hiyo ukiongeza upana na kuiacha 60 ilipo, ubavu nao unarefuka: asilimia 60 ya 215 ni 129, asilimia 60 ya 225 ni 135. Gari limenyanyuka milimita 6. Nilichukua rula ya binti yangu nikazitazama hizo milimita 6 kwa macho yangu. Hazifiki unene wa penseli aliyokuwa ameshika.

Na upana wenyewe? Kwenye rimu ya inchi 6.5, tairi ya 215/60 kwa kawaida inafika milimita 221 ubavu kwa ubavu, na ya 225/60 inafika 228. Rimu haikubadilika, kwa hiyo nusu ya nyongeza inaingia ndani na nusu inatoka nje. Milimita tatu na nusu kila upande. Hata jirani yangu mwenye jicho la kuona kila kitu hakugundua.

Uzuri ni kwamba 225/60R16 inaruhusiwa kwenye rimu ya inchi 6 hadi 8, hivyo 6.5 yangu imo ndani. Kijana alikuwa ameniwekea mezani na 235 pia, "kama unataka kweli kweli." Hiyo kwa 60 inaanzia rimu ya 6.5, yaani ningekuwa nimesimama ukingoni kabisa. Tairi pana ikibanwa na rimu nyembamba inavimba kama puto: katikati ndiko kunakogusa lami na kuisha haraka, na kwenye kona ubavu unalala. Aliyezoea kubeba kilo 300 za chumvi ya mifugo nyuma hataki ubavu unaolala.

Kabla ya kuondoka kwa fundi nilimwambia anionyeshe gari linagusa wapi, kwa sababu kila mtu alikuwa ananionyesha fenda. Akalipiga jeki nyuma, akanishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika, akaupitisha ndani juu ya tairi. Pale juu, upande wa shokapu, kuna sahani ya chuma inayobeba springi. "Gari hili likikataa tairi, linakataa hapa, si kwenye fenda." Kidole changu cha shahada kilipita kati ya tairi na sahani, kikatoka na grisi na vumbi, lakini kilipita bila kubanwa. Nikamwuliza, nikipakia mizigo je? Akacheka. Sahani hiyo imeshikana na shokapu, na shokapu imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu, kwa hiyo vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Nafasi unayoiona gari likiwa tupu ndiyo utakayokuwa nayo ukiwa umejaza.

Mbele ndiko kwa kupima na mzigo. Akachukua chaki ya shule, akaipaka kwenye plastiki ya ndani ya fenda zote mbili, tukatupia magunia sita nyuma na vijana wake wawili mbele, akaniambia nikazunguke, nipande matuta, nikate usukani wote kulia na kushoto, halafu nirudi nyuma nikiwa bado nimeukata. Tuliporudi, upande wa dereva chaki ilikuwa nzima. Upande wa abiria kulikuwa na upinde mweusi, urefu kama wa kiganja, chaki imefutwa safi. Ilikuwa klipu moja ya plastiki imepotea na plastiki imening'inia. Klipu mpya, shilingi elfu moja. Tukapaka chaki tena, ikarudi nzima. Nimelipa elfu kumi kwa kazi yote hiyo na sijapata kulipa elfu kumi kwa furaha kama siku ile. Fundi yule anachukua nyota zote tano, pamoja na zile nilizomnyima muuza tairi.

Kosa lake moja: kijana wake alijaza upepo mpaka 40. Sijui nani aliwaambia mafundi wa nchi hii kwamba kila gari linakula 40. Kibandiko kiko mlangoni, kinasomeka. Nikamwambia ashushe.

Barabarani. Kwenye lami kavu tairi hizi ni nzuri, nisiseme uongo. Ile kipilefti ya kuingia mjini nilikuwa naizunguka nikiwa nimeshikilia katoni za dawa kwa mkono mmoja. Sasa gari linainama kidogo tu na linakwenda linakoelekezwa. Sehemu ya sifa hiyo ni ya upana, sehemu kubwa ni ya mpira mpya, na mtu anayefunga tairi mpya akasifia saizi anajidanganya kidogo. Usukani umekuwa mzito kiasi wakati wa kupaki. Kelele iliongezeka baada ya kilomita elfu kumi hivi, mlio wa chini kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Redio inaufunika.

Kwenye mvua nimejifunza kuziogopa. Masika, kati ya Kikatiti na Maji ya Chai, maji yalikuwa yamesimama kwenye njia za magurudumu ya malori. Nilikuwa kwenye 80, usukani ukawa mwepesi ghafla, kama haujaunganishwa na kitu. Sekunde moja, labda mbili. Tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma kando kabla haijagusa lami, na ikishindwa inaelea. Zile 215 zilipokuwa mpya sikuwahi kuhisi hivyo mahali pale kwa mwendo ule. Sasa mvua ikinyesha ni 60, malori yanipite tu.

Tope ndiyo shule yenyewe. Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa ni sabuni. Nilikwama nje ya duka la mteja wangu, mteremko mdogo ambao mtoto angeupanda kwa baiskeli, kashata zimejaa udongo tairi zikawa laini kama chungu. Aliyenivuta ni jirani yangu wa Arusha, dereva wa watalii, aliyekuwa anashuka na Land Cruiser ya kazi. Ile inavaa 7.50R16, nyembamba, kwenye rimu ya inchi tano na nusu, na tyubu ndani kama ya baiskeli. Gari zito kuliko langu, tairi nyembamba kuliko zangu. Alipomaliza kuvuta akanionyesha mitaro miwili iliyochimbwa na gari lake: imekata tope ikafika kwenye udongo mgumu. Yangu ilikuwa imepaka tope kama siagi. "Hii yangu inatafuta chini, mama. Yako inatafuta kuelea." Sikuwa na jibu, nilikuwa natafuta kiatu changu.

(Arusha ndio mji uliokuwa na kiwanda cha tairi, General Tyre. Baba alifunga tairi zao kwenye Peugeot 504 pikapu na ilibeba ndizi mpaka ikachoka yenyewe. Kila nikishusha laki nane kwa tairi za kutoka ng'ambo namkumbuka.)

Kwenye njia ya mawe, ile iliyojikunja kama bati, kuna nafuu. Si kubwa. Mtikisiko umepungua, na kwa miezi 14 sijapasua ubavu hata mmoja, ingawa tairi ya mbele kushoto ina kovu la kuniombea dua. Nafuu hiyo inatoka kwenye ubavu uliorefuka zile milimita 6. Upana wenyewe kwenye mawe umenisaidia nini? Umeongeza eneo la kugongwa.

Halafu kuna wanaonitisha na tochi, kile kipima mwendo cha trafiki: ukiweka tairi kubwa mita ya spidi inadanganya, utalipa elfu 30 kila kibao cha 50. Kutoka 664 hadi 676 ni ongezeko la asilimia 1.8. Nilijaribu na simu. Zamani mita ikisoma 80 simu ilisema 76, sasa inasema 77 na kitu. Mita za magari haya huwa zinasoma juu ya mwendo halisi, kwa hiyo nimekaribia ukweli tu. Tochi imenipata mara moja katika muda huu na kosa lilikuwa langu, si la tairi.

Mafuta: kwa kusoma dashibodi nilikuwa napata kilomita 9.8 kwa lita, sasa 9.3. Lakini hiyo dashibodi sasa inahesabu kilomita pungufu, ukirekebisha inakuja karibu 9.5. Nimepoteza kidogo. Si cha kuuza gari.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni spea. Spea yangu ilibaki 215/60 ya zamani. Mwezi wa tisa nilikanyaga msumari Makuyuni, tairi ya nyuma kushoto, jioni. Bahati nzuri fundi alishanionyesha: ndani ya boneti kuna kijumba cha fyuzi kilichoandikwa FWD, kiko kitupu. Ukichomeka fyuzi ya spea pale, gari linaacha kusukuma nyuma, linavuta mbele peke yake, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Nikafanya hivyo kwa mwanga wa simu, nikaendesha kilomita 80 hadi nyumbani kwa mwendo wa 60, gia boksi imetulia. Hii ni kwa otomatiki. Mwenye gia za manyuo asitafute kijumba hicho.

Juzi fundi alipima kashata, zimebaki milimita 4, baada ya kilomita 31,000 kwa hesabu ya dashibodi. Tumeshakubaliana kinachofuata: 215/65R16. Upana uleule wa kiwandani, lakini asilimia 65 ya 215 ni karibu 140, kwa hiyo ubavu mrefu kuliko hata huu nilionao, na ukanyagaji mwembamba wa kukata tope. Ni saizi ambayo Forester iliyofuata, SH, ilitoka nayo kiwandani. Kwangu tairi itapanda milimita 5 zaidi ya sasa kuelekea ile sahani ya springi. Fundi alikata kadibodi ya unene huo akaipitisha, ikapita, na amewafungia wateja wawili wenye SG5 kama yangu. Tairi nilizonazo nazipa nyota tatu. Hazina kosa. Zilijibu swali ambalo sikuuliza.

Jana nikapita dukani kuulizia, na spea ya tano humohumo. Kijana yuko palepale.

"215? Mama, unarudi kwenye nyembamba?"

Nikamwonyesha namba ya katikati kwenye karatasi. Akaisoma, akaingia stoo, akatoka anajipangusa vumbi.

"Za 65 zipo mbili tu kwa leo," akasema. "Ila unaweza kuanza na za mbele."